Fizi: Historia ya wapelelezi wa magonjwa, kutoka Yambuku hadi kando ya Tanganyika

Mtu akishikwa na kuhara na kutapika mjini Baraka, muuguzi humpa kwanza serumu, kisha hufungua kitabu chake. Anauliza umri, mtaa, siku ugonjwa ulipoanza, na maji anayokunywa: ya bomba, ya mto au ya ziwa. Kwa jamaa iliyoshuka kutoka Bibokoboko kwa sababu ya vita, maswali hayo huleta wasiwasi. Anayeulizwa anakotoka huogopa. Lakini maswali hayo yana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Kongo yenyewe.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu huko Yambuku, kaskazini mwa nchi. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa ametoka kusoma Ubelgiji miaka michache tu, alitumwa kutoka Kinshasa akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Damu iliyopelekwa Antwerp ilionyesha virusi vipya, vikaitwa Ebola. Hata hivyo maabara haikueleza ugonjwa ulienea vipi. Jibu hilo lilipatikana kwa watu waliopita kijiji kwa kijiji wakiuliza nani aliugua, lini, na alikuwa wapi kabla ya hapo. Waligundua kwamba wengi walipita hospitalini, ambako wauguzi walipewa sindano 5 tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote. Wengine waliambukizwa walipowauguza ndugu zao au kuwaandaa kwa maziko. Watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Kazi hiyo ya kuuliza na kuhesabu hufundishwa. Mwaka 1951, huko Atlanta nchini Marekani, Alexander Langmuir alianzisha mafunzo ya miaka 2 kwa waganga. Badala ya kukaa darasani, walitumwa mahali ugonjwa ulipolipuka, wakajifunza kwa kufanya kazi. Thailand ilianza mafunzo kama hayo mwaka 1980. Katika Afrika, Zimbabwe ilianza mwaka 1993 na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kikafuata mwaka 1994, kwa mpango ulioitwa shule za afya ya jamii zisizo na kuta. Kenya ilianza mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2005 nchi za Afrika ziliunda mtandao wao, AFENET, wenye makao Kampala.

Kongo ilikuwa na msingi wake. Mwaka 1985 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306, na leo ziko 519, kila moja ikitakiwa kutoa ripoti ya magonjwa kila wiki. Programu ya kufundisha wapelelezi wa magonjwa ilianza mwaka 2013 pamoja na Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Kinshasa. Ngazi ya juu huchukua miaka 2. Ipo pia ngazi ya miezi 3 kwa wafanyakazi wa zoni, wanaojifunza bila kuacha kazi: kusoma kitabu cha wagonjwa, kuona idadi inapopanda, kwenda uwanjani, na kutoa taarifa mapema.

Kwa watu wa ziwa, faida yake inaonekana wazi katika kipindupindu, ambacho wengi huita kolera. Mwaka 2008 mtafiti Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa huu hujificha katika maeneo ya kando ya maziwa ya mashariki, kisha hutoka humo kwenda mbali. Huko Uvira, Aurélie Jeandron na wenzake walilinganisha kitabu cha kituo cha kipindupindu na siku ambazo bomba la REGIDESO lilikauka, tangu 2009 hadi 2014. Baada ya siku isiyo na maji, wagonjwa waliolazwa katika siku 12 zilizofuata walizidi mara mbili. Kwa hesabu hiyo, ukosefu wa maji si suala la usafi wa nyumbani peke yake. Maji yakikatika leo, zoni ya afya inaweza kuandaa vitanda na serumu kabla wagonjwa hawajafika.

Jimbo la Kivu Kusini limejifunza hayo kwa uchungu. Mwezi wa nane 2019 Ebola ilifika Mwenga ikitoka kaskazini. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia nzima.

Tatizo ni kwamba elimu hii huishia pale barabara inapoishia. Kwenye nyanda za juu, ripoti hubebwa kwa miguu, na njia ikifungwa na mapigano, hesabu nayo inasimama. Jamaa iliyohama mara tatu haimo tena katika hesabu ya kijiji ilikotoka, na pengine haijaingia katika hesabu ya mtaa ilikofikia. Watoto wasiohesabiwa hupungukiwa chanjo na dawa, kwa kuwa vitu hivyo hugawanywa kwa kufuata idadi. Na mpelelezi aliyefunzwa vizuri hawezi kitu kama wagonjwa wanamficha ukweli kwa hofu.

Hivyo uaminifu unahitajika pande zote mbili. Muuguzi anapaswa kueleza kwa nini anauliza, na kutunza kitabu chake ili majina yasifike kwa wasiohusika. Familia nayo ikumbuke mambo matatu inapomleta mgonjwa: siku alipoanza kuugua, alipolala juma hilo, na maji aliyokunywa. Huko Yambuku, maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyoonyesha kwamba hatari ilikuwa katika sindano 5 za asubuhi.