Msitu wa Karura na Majirani Wake

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia jinsi Bibi Wangari Maathai alivyopigwa hata akatoka damu kichwani, tarehe 8 Januari 1999, alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, wala hatuna nia ya kuirudia yote. Twataka kueleza yaliyofuata baada ya hapo, ambayo hayakuwa na kishindo, na kwa hiyo husahauliwa upesi.

Karura ni msitu ulio kaskazini ya mji wa Nairobi, na eneo lake ni kiasi cha hekta 1,000. Zamani nchi ile ilikuwa ya mbari za Wakikuyu. Hata mwaka wa 1932 Serikali ya kikoloni ikautangaza kuwa msitu wa Serikali. Sehemu kubwa ikapandwa mikalitusi, mti wa kigeni ukuao upesi. Katika miaka ya 1990 ardhi yake ikagawiwa makampuni kwa siri, ili yajenge majumba. Habari zilipofichuka mwaka wa 1998 watu wakaghadhibika mno: mitambo ya wajenzi ikachomwa moto, na baada ya Bibi Wangari kupigwa, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Mwezi wa Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Basi, je, msitu ulikuwa umepona? Majumba hayakujengwa, ni kweli. Lakini wanyang'anyi walijificha humo, miti ikaibwa, na mzazi mwenye busara hakumpa mwanawe ruhusa ya kupita hapo hata mchana. Ulikuwa mali ya watu wote, nao watu wote waliuogopa.

Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005. Sheria hiyo iliwaruhusu watu wakaao kando ya msitu kuunda chama, na kupatana na Shirika la Misitu la Kenya ili kuutunza pamoja. Tena iliwezesha wanachama kupata haki ya kuokota kuni. Miaka michache baadaye kikaanza chama cha Marafiki wa Karura.

Hapa ndipo twaona ugumu wa jambo lenyewe. Majirani wa Karura si wa namna moja. Huku kuna Muthaiga na Gigiri, mitaa ya matajiri na mabalozi. Kule kuna kijiji cha Huruma, ambako wengi ni maskini na kuni ni chakula, kwa maana pasipo kuni chungu hakiivi. Mwenye gari alitaka msitu mtulivu wa kutembea jioni. Mama wa Huruma alitaka mzigo wa kuni. Lau chama kingalikuwa cha wale wa kwanza peke yao, kingaliweza kuzungusha ua wa umeme na kuwaacha wenzao nje. Nasi twadhani ua huo usingalidumu sana, kwa kuwa aliyefungiwa nje hukata waya.

Ua ulijengwa kweli, kwa fedha za michango. Lakini vijana wa Huruma waliajiriwa kuwa walinzi wa msitu, na watu wa kijiji wakapewa kazi ya kung'oa magugu, kutunza vitalu vya miche na kupanda miti ya asili, kama vile muhugu, mahali pa mikalitusi iliyokatwa. Wala tusidhani kwamba mshahara huo uliwafanya wawe sawa na watu wa Muthaiga, haukuwafanya. Ila jirani aliyekuwa akitazamwa kama mwizi sasa alisimama langoni, naye ndiye aliyemwuliza mwenye gari cheti chake. Kwa kiingilio kidogo watu wakaanza kuja: wakimbiaji, watoto wa shule, na maarusi wapigwao picha.

Fedha hizo za langoni ndizo zilizoleta mashindano mapya. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Misitu liliagiza kwamba malipo yote yaingie moja kwa moja katika mfuko wa Serikali. Marafiki wa Karura wakaenda mahakamani, wakidai kwamba mapatano ya kutunza pamoja yamevunjwa. Maana mishahara ya walinzi wale wa Huruma ilitoka katika kiingilio kile kile.