Miaka Isiyo na Jina

Katika Torati Waisraeli waliamriwa wahesabu miaka saba mara saba, kisha wapige baragumu na kuutakasa mwaka wa hamsini. Basi jubilii ni kazi ya kuhesabu kwanza, ndipo furaha hufuata. Kwa hiyo yafaa tuulize: wazee wetu walizihesabuje nyakati zao?

Siku waliihesabu kwa jua. Tangu macheo hata machweo ni saa kumi na mbili, na hesabu hiyo ndiyo ya Injili. Msomaji wa Kiswahili asomapo habari za mwenye shamba la mizabibu hahitaji kufasiriwa kwamba walioajiriwa saa kumi na moja walibakiwa na saa moja tu. Tena ajua kwa nini wale wa asubuhi walinung'unika. Aliyechomwa na jua mchana kutwa huiona siku kuwa ndefu kuliko aliyekuja jioni, ingawa jua ni lile lile.

Lakini miaka haikuhesabiwa hivyo. Ilipewa majina ya mambo yaliyotukia. Tuitazame Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika huko kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Magwangwara waliushambulia mji, wakaua watu na kuteka wengine. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika, na misheni ikaharibiwa. Tangu 1914 vita vya Wazungu viliwachukua wanaume wengi wa nchi kuwa wapagazi, na mwaka 1918 homa kuu ikafuata. Mama alipoulizwa umri wa wanawe, alijibu kwa mambo kama hayo: huyu ni wa Maji Maji, huyu ni wa homa.

Hesabu hiyo ina nguvu, maana haisahauliki. Ila ina upungufu mmoja. Mwaka wa mvua njema, usio na adui wala njaa, haukupata jina, na usio na jina hupotea. Kutoka 1882 hata 1905 ni miaka 23. Watu walilima, wakaoana, wakazaa, wakabatizwa, lakini masimulizi huiruka yote kwa hatua moja.

Sababu yake aliieleza zamani Mtakatifu Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, akawa Askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo afundisha kwamba wakati twaupima ndani ya nafsi: yaliyopita kwa kukumbuka, yaliyopo kwa kuangalia, yajayo kwa kutazamia. Basi yasiyokumbukwa huonekana mafupi, hata yakiwa miaka mingi.

Hapo twaona thamani ya kitabu cha ubatizo. Mwalimu aliyeandika jina na tarehe, mwaka wa shida na mwaka wa amani sawasawa, aliitunza miaka ile isiyo na jina.

Enyi walimu na Wakristo wote, mkiketi na wazee msiwaulize habari za vita na njaa tu. Waulizeni pia ni lini mavuno yalijaa ghala, ni nani aliyefundisha watoto chini ya mwembe, ni nani aliyefyatua matofali ya kanisa, kisha yaandikeni. Maana tukimshukuru Mungu kwa misiba aliyotuokoa nayo tu, tutakuwa tumemshukuru kwa sehemu ndogo ya wakati aliotupa.