Jembe la Wakinga, Chungu cha Wakisi: Uhandisi Kabla ya Chuo Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Barabara ya kutoka Kyela kwenda Matema hupita Ipinda, mji mdogo wa mpunga na kakao. Mbele, upande wa mashariki, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Juu ya ukuta huo ni Ukinga, kulikotoka majembe. Chini yake, pale ambapo mlima na ziwa karibu vigusane, ni Ikombe ya Wakisi, kunakotoka vyungu hadi leo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho watu wengi hukiita MUST, kiko mbali na hapa, huko Iyunga, zaidi ya kilomita mia moja kwa njia ya Tukuyu. Historia ya utafiti wa kihandisi katika Nyanda za Juu Kusini inapoandikwa, kwa kawaida huanza na chuo hicho, mwaka 1986 kilipofunguliwa kama Chuo cha Ufundi Mbeya. Makala hii inadai kwamba mwanzo huo umecheleweshwa kwa karne kadhaa, na kwamba kosa hilo si la tarehe tu. Anayeamini kwamba utafiti ulikuja pamoja na majengo atadhani pia kwamba maswali ya utafiti hutoka kwenye majengo. Ushahidi wa mwambao huu unaonyesha vingine: swali limekuwa likitoka kwa anayelima, anayepika na anayevuka maji, na kila taasisi iliyopita hapa inaweza kupimwa kwa jinsi ilivyolisikiliza au kulipuuza.

Tuanze na chuma. Bonde la Kyela lina udongo mzito na mvua ambayo sehemu zilizo karibu na milima hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ni nchi ya jembe, lakini jembe lenyewe halikuwa zao la bonde. Wanyakyusa, wenyeji wa bonde, walilipata kwa Wakinga, waliochimba madini ya chuma, wakachoma mkaa, wakayeyusha na kufua, kisha wakashuka na bidhaa zao kubadilishana na watu wa chini. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosimuliwa. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawakukusudia kukifikisha huko. Walichokitaka ni moshi wa mkaa uliokosa hewa ya kutosha uyanyang'anye madini oksijeni yake, takataka ziyeyuke na kutiririka kama mavi ya chuma, na chuma kibaki bonge zito la kufuliwa. Hewa ikizidi, mkaa unaungua bure. Ikipungua, tanuri linapoa na bonge linabaki limechanganyika na takataka. Kaboni nayo ikizidi, chuma kinakuwa kikavu na huvunjika kama kigae. Kati ya hatari hizo tatu kuna njia nyembamba, na hakuna aliyezaliwa akiijua. Ilitafutwa kwa kujaribu, kukosea, kubadili kitu kimoja na kujaribu tena.

Kwamba ilitafutwa, na haikupokewa tayari kutoka mahali pamoja, kunathibitishwa na tofauti za matanuri yenyewe. Wafipa, majirani wa upande wa kaskazini-magharibi, walijenga matanuri marefu kumpita mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakalisafisha bonge katika tanuri dogo la pili. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza mabaki yao kwa miaka mingi. Wahaya wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walikwenda njia nyingine: tanuri fupi, mivukuto mingi, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya moto. Ufumbuzi wa aina mbili kwa tatizo moja, katika nchi ambayo leo ni moja, hautokani na desturi inayorudiwa kwa kufumba macho.

Habari za Wahaya zinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo elimu ya tanuri la udongo na elimu ya chuo kikuu zilipokutana ana kwa ana. Mwaka 1978 jarida la Marekani liitwalo Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown. Wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la enzi zao na kuliwasha, na watafiti wakapima. Walitangaza kwamba ndani yake joto lilipita nyuzi 1,800, kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba ufundi huo ulikuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Dunia ilishangaa, na magazeti yakavuma. Kisha wataalamu wengine wa chuma cha kale, wakiwemo J. E. Rehder na David Killick, wakaanza kuhoji. Mrija wa udongo haupitishi joto vizuri. Je, hewa ipitayo kwa kasi ingepata wapi muda wa kupashwa kiasi kilichodaiwa? Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka. Wapo wanaoona aibu kuyataja, wakidhani yanaivunjia heshima sifa ya Mwafrika. Mimi naona kinyume: tanuri la Kihaya ndilo lililopewa heshima ya kuhojiwa kwa namba, kama linavyohojiwa tanuri la Sheffield. Kitu kisichobishaniwa ni kile kilichowekwa kwenye kabati la makumbusho.

Hapa msomaji makini atapinga. Atasema kwamba kujua namna ya kufanya si sawa na kujua sababu, na kwamba mfua chuma wa Ukinga hakuwa mwanasayansi kwa kuwa hakuandika, hakupima, na alichanganya mkaa na miiko. Pingamizi hili lina uzito, na halijibiwi kwa kuwapamba mababu. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za nchi hii uyeyushaji ulizungukwa na dawa, siri na miiko ya kujitenga na wanawake. Siri ina gharama yake: fundi anapokufa na kosa lake halijulikani, mwanafunzi wake atalirudia. Lakini pingamizi hilo linathibitisha jambo dogo kuliko linavyodhani. Linaonyesha kwamba kilichokosekana ni daftari, na daftari si akili. Kujaribu kulikuwapo, kulinganisha kulikuwapo, na hata hukumu ilikuwapo, maana jembe linalovunjika shambani halina wakili. Kile ambacho chuo kinaweza kuleta, ambacho hakikuwapo, ni kumbukumbu ya wazi ya yaliyoshindikana. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni nyongeza juu ya msingi, na msingi ulikuwapo.

Chungu cha Wakisi kinaliweka jambo hili peupe zaidi kuliko jembe, kwa sababu hakijafa. Wanawake wa Ikombe hufinyanga, na vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na maboti hadi soko la Matema, na kutoka hapo husambaa Ipinda, Kyela na mbele zaidi. Zamani vilibadilishwa kwa nafaka, kwani ukanda wa Wakisi ni mwembamba na wenye mawe, wala haukuwashibisha. Ufinyanzi ukawa ndio shamba lao. S. A. C. Waane, aliyekuja kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale, aliandika juu ya ufinyanzi wa Ikombe mwaka 1977, na kazi yake bado ni ya kurejelewa. Mhandisi wa vifaa angeona nini pale? Angeona chombo chembamba kinachochomwa nje, bila tanuri la kufungwa, kisha kinawekwa juu ya moto wa kuni kila siku na kumiminiwa maji baridi bila kupasuka. Udongo mnono mno hupasuka unapokauka, na ulio na mchanga mwingi hauundiki. Uwiano sahihi unajulikana kwa vidole vya mfinyanzi, na kwa sehemu kubwa umebaki hapo. Nyumba za kale za Wanyakyusa zina habari kama hiyo. Wasafiri Waingereza James Frederic Elton, mwaka 1877, na Joseph Thomson, miaka miwili baadaye, walizisifu sana: za mviringo, mianzi ikiwa uti wake, udongo ukijazwa katikati. Walisifu usafi na umbo. Hawakuuliza zilivyosimama katika nchi inayotetemeka.

Wakoloni walifanya utafiti mwingi, na ni dhuluma kusema hawakufanya. Lakini mwamba ngozi huvutia kwake. Baada ya mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 kuufanya Mto Songwe kuwa mpaka, Wajerumani walileta meli ya mvuke Hermann von Wissmann ikiwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire. Ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Ilikuwa kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, na mizigo ya vipande hivyo ilibebwa na Waafrika pale maji ya Shire yalipokataa kupitika. Mjiolojia Wilhelm Bornhardt naye alipita katika miaka ya 1890 na kueleza makaa ya mawe ya eneo la Songwe na Kiwira. Mgodi wa Kiwira uliojengwa kwa msaada wa China ulianza mwaka 1988, karibu karne nzima baadaye. Matokeo ya utafiti yalikaa Berlin yakisubiri atakayeyahitaji. Wakati huohuo jembe la kiwandani kutoka Ulaya lilishuka bei, na matanuri ya Ukinga yakazimika moja baada ya jingine.

Kuzimika huko ndiko pingamizi la pili linakojificha: ikiwa ufundi wa Wakinga ulikuwa wa maana, mbona ulishindwa na jembe la kununua? Jibu ni kwamba ulishindwa kwa gharama, na sababu yake ni mkaa. Tanuri la asili hula msitu kwa kila jembe, na fundi mmoja hawezi kushindana na kiwanda chenye makaa ya mawe na reli. Kushindwa kwa bei hakumaanishi kushindwa kwa maarifa. La sivyo ingetubidi tuseme kwamba wahandisi wa viwanda vya majembe vilivyojengwa baada ya uhuru, kama Ubungo Farm Implements, hawakujua kazi walipobanwa na majembe ya kuagizwa.

Baada ya uhuru serikali ilijenga kwa haraka. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilianza mwaka 1973. TIRDO ya utafiti wa viwanda ikafuata mwaka 1979, TEMDO ya usanifu wa mitambo 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo 1981. Mwaka 1986 sheria ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ikapitishwa, na mwaka huohuo chuo cha Mbeya kikafunguliwa kwa ushirikiano na Wasovieti, lengo likiwa kuandaa mafundi sanifu. Mwaka 2005 kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, na 2012 chuo kikuu. Ukuaji huu una mtego wake. Fundi sanifu alifunzwa kuitumia mashine, ilhali mtafiti anatakiwa kuihoji, na jina la chuo hubadilika kwa hati moja wakati mazoea ya kufundisha huchukua kizazi. Wapo wanaosema kwa moyo safi kwamba nchi yenye kipato kidogo haina sababu ya kuhoji: inunue yaliyokwisha gunduliwa, iyatumie, utafiti wa asili uachiwe wenye fedha. Kwa simu na dawa nyingi hoja hiyo inakubalika. Kwa mwambao wa Nyasa haitoshi, kwa sababu mambo yanayousumbua hayauzwi popote.

Mto Songwe huhama. Kila masika kubwa hukata kona na kuacha shamba la mtu ng'ambo, na kwa kuwa ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, unaweza kumhamisha mkulima nchi bila yeye kunyanyua mguu. Bandari ya Itungi husumbuliwa na mchanga unaoshushwa na mito. Hapo Itungi, kampuni ya Songoro ya Mwanza iliunda meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, zilizokamilika mwaka 2017, kisha MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyozinduliwa mwaka 2021. Linganisha na mwaka 1893: safari hii chuma kimekatwa, kimekunjwa na kuchomelewa na mafundi wa Tanzania kwenye ufukwe wenyewe. Hata hivyo meli haipiti juu ya mchanga, na mchanga wa Itungi hauna kanuni iliyokwisha andikwa na watu wengine. Ardhi nayo haitulii. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulilipiga eneo la Karonga, upande wa Malawi, kubwa kabisa likifikia kipimo cha 6.0, na kati ya 2013 na 2015 watafiti wa Marekani, Malawi na Tanzania walitega vipima-tetemeko nchi kavu na hata chini ya ziwa ili kuelewa jinsi bonde la ufa linavyotanuka. Data zipo. Kati ya data hizo na tofali la kuchoma linalojengewa nyumba mpya za Ipinda, ambalo ni gumu lakini halipindi, kuna kazi ya mhandisi wa majengo: kulilinganisha na ukuta wa mianzi na udongo ambao Elton aliusifia usafi.

Wakinga waliowasha matanuri hawapo tena, na joto la moto wao litabaki la kukisiwa kutokana na mavi ya chuma yaliyotapakaa. Wanaochoma vyungu Ikombe wapo. Kipimajoto kinachoweza kuingizwa kwenye moto wao kinaenea ndani ya mfuko wa mwanafunzi, na basi linalotoka Mbeya asubuhi humfikisha Ipinda kabla jua halijazama.