Buti au raba: uvae nini ukipanda mlima?

Siku hizi vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale hawaishii ufuoni. Wikendi wako Shimba Hills, likizo wako Taita, na wengine hufika Mlima Kenya. Kabla ya kulipa nauli, lipo suala la viatu: buti za kupandia milima au raba nyepesi zenye soli ya meno?

Raba zatosha kwa matembezi ya siku moja na mzigo mdogo, kama kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick huko Shimba Hills. Mguu hauchoki upesi, na zikirowa hukauka haraka.

Buti zina kazi yake penye baridi, mawe na begi zito. Point Lenana, kilele wanachokiendea wengi Mlima Kenya, kiko mita 4,985, na alfajiri maji huganda huko. Buti hukinga kifundo kisigongwe na mawe, na huacha nafasi ya soksi nene. Ila maji yakishaingia ndani, hukauka polepole.

Liko na jambo la ibada. Buti safi inayofunika vifundo, ikivaliwa ukiwa na udhu, wanazuoni wengi wameruhusu kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi siku moja mchana na usiku, msafiri siku tatu. Raba fupi haifuniki vifundo, basi haiingii hapo. Masharti kamili muulize sheikh wako.

Tahadhari kubwa ni kwa mnunuzi wa mitumba Kongowea. Buti nyingi zina tabaka la povu la poliurethani juu ya soli. Povu hilo huoza kwa umri na unyevu, hata kama kiatu hakijavaliwa, na soli hubanduka njiani. Kukwama mlimani kwenye baridi bila soli ni hatari ya maisha. Kikunje kiatu, ulibonyeze povu kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au likimeguka, kiache hata kwa bei ya kutupa.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazovaa safarini. Vidole visiguse mbele, kisigino kisipande na kushuka. Kisha vitembelee hapa mjini wiki mbili kabla ya safari, ili malengelenge yakupate ukiwa karibu na nyumbani.