Kituo cha Kurtz kilikuwa hapa kwetu

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni wakati profesa alituletea Heart of Darkness ya Joseph Conrad, katika tafsiri ya Kifaransa. Alipomaliza kutueleza safari ya ile meli, akafunga kitabu, akasema: “Mahali Kurtz anakaa ni hapa. Toka nje, shuka mpaka mtoni, utapaona.” Wenzangu wakacheka. Miye sikucheka. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho nikidhani ni habari ya nchi ya watu wengine.

Si kosa la msomaji. Conrad haandiki Kongo popote, wala jina la mji wetu. Anaanza hadithi kwenye mto Thames, ndani ya mashua ya Waingereza wanaongojea maji yapwe, halafu anatupeleka kwenye mto mmoja usio na jina. Lakini safari yenyewe aliifanya. Mwaka 1890, akiwa na miaka 32, aliajiriwa na kampuni ya Wabeljiji iliyofanya biashara ya mto huu. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi mpaka Kinshasa, na mwanzoni mwa Agosti akapanda meli ndogo ya moshi, Roi des Belges. Tarehe 1 Septemba akafika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Hapo meli haiwezi kupita: juu yake kuna maporomoko saba, na la mwisho ni lile la Wagenia, tunapopeleka wageni kuona mitego ya samaki.

Hapa walimpakia Georges-Antoine Klein, wakala wa kampuni, kijana Mfaransa aliyekuwa mgonjwa sana. Walirudi naye kushuka mto, akafia njiani tarehe 21 Septemba. Katika mswada wa riwaya Conrad aliandika kwanza Klein, kisha akabadilisha kuwa Kurtz. Kwa Kijerumani klein ni mdogo, kurz ni mfupi. Mabadiliko yenyewe si makubwa.

Na vile vichwa vya watu juu ya miti, mbele ya nyumba ya Kurtz? Navyo vina mji wao. Mwaka 1895 Mwingereza mmoja, E. J. Glave, alipita hapa akaandika kwamba kapteni Léon Rom, mkubwa wa kituo, alikuwa amezungushia ua wa maua mbele ya nyumba yake vichwa 21 vya watu waliouawa. Habari ilitoka katika magazeti kabla riwaya haijachapwa mwaka 1899. Conrad hakuviona mwenyewe, na kama alisoma habari hiyo, wataalamu bado wanabishana. Lakini msomaji wa Kisangani asidanganyike kwamba ile ni ndoto ya mwandishi. Ilifanyika, na ilifanyika hapa.

Sasa nifike kwa kile kilichoninyima usingizi. Katika riwaya, ukipanda mto unarudi mwanzo wa dunia: msitu, ukungu, ngoma, watu wasio na majina. Lakini Septemba 1890 hapa kulikuwa mji wa biashara, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1886 Waswahili na Waarabu walikuwa wamewafukuza watu wa Leopold kituoni. Mwaka 1887, kule Zanzibar, Stanley akakubaliana na Tippu Tip awe liwali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Mwaka huohuo Conrad anafika, Tippu Tip alikuwa ameondoka kurudi Zanzibar, akimwacha mpwa wake Rashid. Kulikuwa na mashamba ya mpunga. Ule wali tunaokula kila siku, mpunga wake uliletwa na watu hao.

Je, Conrad hakujua? Alijua. Mwaka 1924, katika makala juu ya jiografia na wavumbuzi, alikumbuka usiku wake hapa, amekaa anavuta kiko huku maporomoko yananguruma, na akataja kambi ya Rashid, haipiti maili kumi kutoka alipokuwa. Basi katika riwaya aliitoa. Ingebaki, msomaji wa London angeona mji wenye liwali, bei na mikataba, na ile safari ya kurudi mwanzo wa dunia ingekosa mahali pa kufikia.

Ningependa kumalizia hapo, kwa fahari. Lakini siwezi. Kwetu, upande wa mama, tumetoka Maniema. Siku moja nilimuuliza bibi: yule babu wa kwanza alifika Kisangani kama nani? Mfanyabiashara, mpagazi ao mtumwa? Bibi akaendelea kuchagua mchele, halafu akasema, “Alifika tu.” Sikurudia swali.

Tippu Tip alieleza maisha yake katika kitabu, kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilichapwa. Tunaweza kukisoma bila tafsiri. Lakini ni kitabu cha mtu wa pembe na bunduki. Anahesabu frasila zake kwa makini, na waliobeba wanapita bila majina, sawa na kwa Conrad. Vitabu viwili juu ya mto uleule, na babu yangu hayumo hata kimoja.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, usiishie kwa Kurtz. Soma Conrad, msome na Tippu Tip. Halafu nenda Kabondo, Lubunga, Mangobo, uwaulize wazee wangali hai. Wengine watakujibu kama bibi yangu. Hilo nalo liandike.