Fosforasi Iliyo Topeni: Kwa Nini Maziwa ya Kina Kifupi Huchelewa Kupona

Mwaka 1958 mji wa Växjö, kusini mwa Sweden, uliacha kumwaga majitaka yake katika Ziwa Trummen. Ziwa hilo ni dogo, takriban kilometa moja ya mraba, na wakati huo kina chake hakikuzidi meta 2 hivi. Ilitarajiwa lingepona. Zaidi ya miaka 10 baadaye maji yake yalikuwa bado yanajaa mwani kila kiangazi. Majitaka yalikuwa yamezuiwa, lakini yale yaliyotangulia yalikuwa yameacha topeni fosforasi yao, inayorutubisha mwani.

Sera inayopima afya ya ziwa kwa kuchunguza mabomba na mito pekee inapima nusu ya tatizo. Fosforasi inayozama pamoja na mabaki ya mwani hushikwa na chuma katika tabaka la juu la tope, mradi oksijeni ipo. Bakteria wanaoozesha mabaki hayo wakiimaliza oksijeni, chuma hubadilika na kuiachia fosforasi. Mwani nao hujisaidia: usanisinuru wake hupunguza kaboni dioksaidi, maji huzidi kuwa ya alkali, na mshiko wa chuma hulegea. Katika ziwa lenye kina kirefu, fosforasi hiyo huweza kukaa chini, mbali na mwanga, msimu mzima. Kwenye meta 2, upepo wa alasiri moja tu hutibua tope na kuipandisha hadi mwani ulipo. Siku ya shwari, samaki wanaochimbua tope wakitafuta chakula hufanya kazi hiyohiyo. Maji yakiwa machafu mwanga haufiki chini, na mimea ambayo mizizi yake ingelishikilia tope haioti.

Huko Denmark, fosforasi iliyoingia Ziwa Søbygaard ilipunguzwa sana mwaka 1982, lakini tope likaendelea kuitoa kwa miaka mingi, tena kutoka kina cha sentimita 20 hivi. Uchambuzi wa maziwa 35 uliochapishwa mwaka 2005 na Erik Jeppesen na wenzake ulionyesha kwamba kwa kawaida fosforasi hutulia katika kiwango kipya baada ya miaka 10 hadi 15. Bajeti na vipindi vya uongozi ni vifupi kuliko muda huo. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kutangaza kwamba udhibiti wa majitaka umeshindwa kwa sababu tu ziwa bado ni la kijani mwaka wa tano. Uamuzi kama huo hufuta kazi iliyokuwa inaelekea kuzaa matunda.

Trummen liliokolewa mwaka 1970 na 1971, tope la juu la karibu meta moja liliponyonywa, nalo likatumika kurutubisha bustani za mji. Tiba hiyo iliwezekana kwa sababu ziwa ni dogo. Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ina takriban kilometa za mraba 1,400 na kina cha wastani kisichofika meta 10. Hakuna mashine itakayonyonya tope la eneo hilo lote. Kwa hiyo kila msimu ambao Mto Nyando unashusha ghubani udongo wa mashamba unaongeza akiba ambayo hatutaweza kuichimba, na mpango wowote wa kuisafisha ghuba unapaswa kuanza kwa kupima fosforasi iliyomo topeni, kabla ya kuwaahidi wavuvi mwaka wa maji safi.