Mikanda Saba Iliyosubiri Karne Moja

Mwaka 1913, jijini New York na maeneo ya jirani, kampuni ya Biograph ilipiga picha za filamu bubu ya kichekesho. Nyota wake alikuwa Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, Mtu Mweusi aliyekwisha kupata umaarufu katika maonyesho ya Ziegfeld Follies. Pamoja naye walikuwamo waigizaji Weusi kama Abbie Mitchell, Sam Lucas na Odessa Warren Grey. Kisa ni chepesi: wanaume watatu wanamgombea mrembo mmoja.

Kwa mujibu wa desturi ya majukwaa ya Wazungu, Williams alipaka uso wake rangi nyeusi. Wenzake hawakupaka. Wanacheza ngoma, wanapanda bembea ya kuzunguka, na hatimaye mpenzi na mpenziwe wanabusiana bila kejeli yoyote. Katika Marekani ya ubaguzi, picha hiyo ya mapenzi ilikuwa jambo zito kuliko kichekesho chenyewe.

Filamu haikukamilishwa. Mwaka huohuo D. W. Griffith aliondoka Biograph, na mwaka 1915 akatoa The Birth of a Nation, iliyowatukuza Ku Klux Klan. Filamu hiyo ilijaza kumbi. Ile ya Williams ilibaki ndani ya makopo.

Ilinusurikaje? Filamu za enzi hizo zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachooza na kuwaka upesi. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey liliteketea pamoja na hazina yake. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa, kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalichukua shehena ya makopo ya Biograph. Ndani yake mlikuwa na mikanda saba isiyo na jina, maandishi wala mswada.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kuhifadhi kunatosha. Mikanda hiyo ilikuwa salama kwa miongo mingi, lakini ilikuwa bubu mara mbili. Ilibidi watafiti waulize sura moja baada ya nyingine: huyu ni nani? Ilipoonyeshwa mwaka 2014, watu wale walirudishiwa majina yao. Mwaka huohuo ikaingizwa katika orodha ya filamu za urithi wa taifa.

Kwa hiyo, ewe mtumishi wa umma unayelinda majalada, na wewe mwanafunzi unayeogopa vumbi lake, kazi yenu ni moja. Mmoja akizembea, mwingine hana la kufanya.